Sky-Watcher Heritage 130P: darubini ya mezani, ikitumika Mafinga

Kwanza bei, maana najua wengine mtashuka moja kwa moja kuitafuta. Darubini hii huko Ulaya na Marekani imekuwa ikiuzwa kati ya dola 200 na 300, kutegemea duka na msimu. Mimi mpaka imetua sebuleni kwangu Mafinga, pamoja na lenzi moja ya ziada, imenitoka kama shilingi milioni moja na laki moja. Mtoto wa dada yangu anaishi Reading, Uingereza, na alipokuja likizo aliibeba kama begi lake la pili, kwa hiyo gharama ya usafiri niliilipa kwa kumpikia makande kila alipoyataka. Si hela ya kuokota. Lakini ni bei ya simu ya maana, zile ambazo watu wanabadilisha kila baada ya miaka miwili bila kuulizwa na mtu.

Naiita ya bei nafuu kwa sababu za juu yake nimeziona bei zake, na za chini yake nimezichungulia kwa macho yangu. Mfanyakazi mwenzangu hapa kiwandani (mimi ni karani wa mauzo ya mbao) alimnunulia mwanawe darubini ya laki mbili na kitu kutoka duka la mtandaoni ambalo sitalitaja. Boksi lake lina picha ya sayari ya Zohali (Saturn) iliyopigwa na chombo cha angani, na maandishi makubwa: INAKUZA MARA 525. Nikakaa na boksi lile kama ninavyokaa na ankara ya mteja. Urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo mpaka pale mwanga unapokutana, ni milimita 700. Ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 4 unagawanya, unapata mara 175. Ndani kuna kibomba cha kuzidisha mara tatu. 175 mara 3 ni 525. Hesabu imekaa sawa kabisa. Shida ni kwamba kioo chenyewe kina kipenyo cha milimita 76, na kanuni wanayoitumia watazama nyota ni kwamba kila milimita moja ya kipenyo inavumilia kukuza kama mara mbili tu. Kwa hiyo kile kioo mwisho wake ni mara 150 hivi, tena usiku hewa ikiwa imetulia. Ukipita hapo unakuza ukungu. Mtoto wa mwenzangu aliona ukungu, miguu ya aluminiamu ikitetemeka kila alipopumua, na darubini sasa iko juu ya kabati.

Cha kuangalia unaponunua ni kipenyo cha kioo. Hii Heritage ni milimita 130, ndiyo maana ya namba iliyo kwenye jina lake. Ukilinganisha eneo la kioo, inakusanya mwanga karibu mara tatu ya ile ya 76, na zaidi ya mara 300 ya mboni ya jicho lako gizani. Urefu wa fokasi ni milimita 650. Inakuja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya milimita 10, yaani inakuza mara 26 na mara 65. Hakuna mtu atakayeandika "mara 65" kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini kwa mara 65 hizo nimeona mambo ambayo yule mtoto hakuyaona kwa 525 zake.

Kioo chake kimechongwa kwa umbo la parabola, kwa hiyo mwanga wote unakutana mahali pamoja. Nalisema hili kwa sababu kuna darubini za bei ya karibu na hii ambazo mrija wake ni mfupi, kama nusu mita, ilhali zimeandikwa urefu wa fokasi wa milimita 1000. Ukiona hivyo ujue kuna kilenzi kimefichwa ndani ya shingo inayoshika lenzi ya jicho ili kurefusha njia ya mwanga, na kioo chenyewe mara nyingi ni cha umbo la duara la kawaida. Hizo ziache. Marekani mashine hii hii imewahi kuuzwa kwa jina la OneSky kupitia shirika la Astronomers Without Borders, kwa hiyo ukikutana na jina hilo usidhani ni kitu kingine.

Sasa hoja yangu yenyewe, ambayo sijaiona kwenye tathmini za Wazungu kwa sababu haiwahusu. Sisi tunaokaa karibu na ikweta, darubini ya kwanza isiwe ile yenye stendi ya kiikweta. Mnaijua: miguu mitatu mirefu, vyuma viwili vya kunyonga vinavyokatiza, na uzito wa kusawazisha unaoning'inia upande. Kwenye picha inaonekana ya kitaalamu, na dukani ndiyo huwa inasimamishwa mbele. Stendi hiyo inataka mhimili wake mmoja uelekezwe sambamba na mhimili wa dunia. Mtu wa London anauinua nyuzi 51, analenga Nyota ya Kaskazini, amemaliza. Mafinga tuko kama nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wa macho, hatuioni kabisa. Upande wa kusini ncha ya anga, ile sehemu ambayo nyota zinaonekana kuizunguka, iko nyuzi 8 tu juu ya ardhi, yaani kwangu mimi iko nyuma ya misonobari, na hata misonobari ikikatwa hakuna nyota angavu pale ya kulenga. Tena nyingi ya stendi za bei hii ukizilaza hadi nyuzi 8, kile chuma chenye uzito kinagonga mguu wa stendi. Umelipia chombo cha kufuata nyota ambacho kwako hakizunguki.

Heritage haina hayo. Ina kitako cha mbao zilizobanwa kinachozunguka kushoto na kulia, na mkono mmoja ulioshika mrija unaopanda na kushuka. Basi. Unaisukuma kwa mkono mpaka inatazama unachotaka. Aliyeueneza mtindo huu ni John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915 na kuishi utawani California zaidi ya miaka 20 akisaga vioo vya darubini kutoka kwenye vioo chakavu vya madirisha ya meli. Alipotoka utawani mwaka 1967 akaanza kusimamisha darubini kando ya barabara za San Francisco, kila mpita njia atazame bure. Alifariki mwaka 2014. Nampenda mzee huyu kuliko Isaac Newton aliyebuni darubini yenyewe ya kioo mwaka 1668, kwa sababu Newton aliipeleka kwa wasomi.

Kuifunga hakuna kazi. Inatoka kwenye boksi ikiwa imeshaunganishwa, unavuta sehemu ya juu kwenye fito zake mbili mpaka ifike mwisho, unakaza vifundo, unabandika kile kionesha shabaha chenye nukta nyekundu. Nukta ile inatumia betri bapa ya duara, CR2032, ambayo fundi saa yeyote anayo. Uzito wote ni kama kilo 6 na nusu. Binti yangu wa darasa la sita anaibeba mwenyewe mpaka uani, na mimi nimeacha kuogopa.

Ila wanaposema "ya mezani" wanamaanisha kweli. Ukiiweka chini utatazama ukiwa umelala kifudifudi. Meza ya plastiki haifai, kila ukigusa lenzi nyota zinacheza ngoma. Meza ya chakula inafaa, lakini nani ataitoa nje kila usiku? Nilimwendea fundi seremala anayechukua mabaki kwetu kiwandani, nikamwomba kigoda kikubwa cha miguu mitatu, urefu wa kiuno cha mtoto, uso wa duara unaotosha kitako. Alitaka kuweka minne. "Mitatu inaanguka, mama," akaniambia. Nikamwambia uani kwangu hakuna sentimita mbili zilizo sawa, na kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kikiwa juu ya mzizi. Akakitengeneza kwa msonobari wa Sao Hill uliokauka vizuri, akaweka mbao za kukaza katikati ya miguu, elfu thelathini na tano. Hicho ndicho kifaa bora kuliko vyote nilivyoongeza, na kama una fundi jirani usinunue stendi ya aina yoyote.

Mwezi ndio wa kwanza kwa kila mtu, na sitaueleza sana. Usiutazame ukiwa mpevu. Utaona sahani nyeupe inayoumiza jicho. Utazame ukiwa na siku saba mpaka kumi, pale kwenye mpaka wa nuru na giza, ambako vivuli vya milima ni virefu. Shimo la Copernicus lina upana wa kilomita 93, na kwa mara 65 unaona kingo zake zimeshuka ngazi kwa ngazi.

Sayari ndiko ikweta inakotulipa. Sayari zote zinatembea kwenye ukanda ule ule wa jua, na ukanda huo kwetu unapita juu ya paa. Mwaka 2020 Mshtarii (Jupiter) na Zohali zilikuwa kusini mwa anga, na mtazamaji wa London alizipata chini ya nyuzi 20 juu ya upeo, anazitazama kupitia hewa nene inayochemka juu ya mapaa ya watu. Sisi zilikuwa karibu utosini. Kioo cha milimita 130 hapa kinafanya kazi ambayo kule ingehitaji kikubwa zaidi na bahati juu yake. Kwa mara 65 Mshtarii ni duara dogo lenye mistari miwili ya kahawia, na miezi yake minne imejipanga kando, ile ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Ukitazama tena baada ya chakula cha usiku utakuta mmoja amesogea. Nilinunua lenzi ya milimita 5, inayofikisha mara 130, na hiyo ndiyo lenzi ya ziada niliyoihesabu kwenye bei. Kwa lenzi hiyo mistari inaanza kuwa na kingo zilizochanika. Kukuza zaidi ya hapo nakuacha kwa usiku wa Agosti ambao hata moshi wa jikoni unapanda wima.

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa, mtaa mzima ulikuwa uani kwangu. Sikuwaita. Waliona mrija unaelekea juu, wakaja. Kivuli cha dunia kiliufunika mwezi wote kuanzia saa mbili na nusu usiku mpaka karibu saa nne kasoro, ukawa wa rangi ya shaba. Mwenye duka la jirani akazima taa yake bila kuombwa. Watoto walipanga foleni, wakubwa wakajifanya wanawasindikiza watoto, halafu wakatazama mara mbili mbili.

Akaja mzee mmoja wa mtaa, mstaafu wa reli.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Naona mmetega mzinga."

"Karibu utazame, babu. Kaa hapo kwenye kreti."

Akakaa, akaweka jicho, akanyamaza, kisha akasema mwezi anaujua, nimwoneshe kingine. Zohali ilikuwa haiko mbali, chini kidogo upande wa mashariki. Nikaweka lenzi ya milimita 10, nikalenga. Mwaka ule pete za Zohali zilikuwa zimetugeuzia ubavu. Tarehe 23 Machi dunia ilikuwa imepita kwenye usawa wake kabisa, jambo linalotokea kila baada ya miaka 15 hivi, na mpaka Septemba bado zilikuwa nyembamba mno. Yeye hakuna aliyemwambia habari za pete. Akatazama, akasogeza kichwa, akatazama tena.

"Kuna kitu kimepitishwa katikati," akasema. "Kimetokeza huku na huku."

Ndivyo hasa inavyoonekana. Akauliza bei. Nikamtajia.

"Hiyo ni ng'ombe mzima," akasema, "na nauli ya kumfikisha." Lakini hakuondoka kwenye kreti mpaka binti yangu alipokohoa nyuma yake.

Kwa wanaoinunua sasa: pete zinaendelea kufunguka mwaka hadi mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 2030 zitakuwa wazi kabisa. Usiihukumu darubini kwa Zohali ya 2025.

Nje ya sayari, anga letu ni la kuringia, na hapa tena tathmini za Ulaya hazina msaada kwa sababu orodha zao za vitu vya kutazama zimejaa vitu vya kaskazini. Kuanzia Aprili mpaka Julai, ukishaupata Msalaba wa Kusini, panda kutoka hapo uende Omega Centauri. Kwa macho ni nyota moja hafifu yenye ukungu. Kwa lenzi ya milimita 25 ni mpira mkubwa wa mwanga. Kwa ya milimita 10, ukitulia na jicho likazoea giza, mpira unavunjika kwenye kingo zake na kuwa chembe chembe, nyota moja moja, katika rundo lenye nyota kama milioni 10. Mtaalamu wa nyota Mwingereza, Edmond Halley, alisafiri mpaka kisiwa cha Saint Helena, na mwaka 1677 akaligundua kuwa si nyota. London halichomozi hata siku moja. Mimi nalitazama nikiwa nimevaa kanzu ya kulalia na koti la mvua juu yake, maana Juni ya Mafinga haina mchezo.

Karibu na Msalaba kuna kishada wanachokiita Sanduku la Vito, na ndani yake nyota moja ya rangi ya chungwa imezungukwa na za buluu. Alfa Centauri, ile nyota angavu inayouelekea Msalaba, kwa mara 65 inagawanyika kuwa mbili. Kilimia, ambacho wazee walikitazama kupanga kilimo, kinaingia chote kwenye lenzi ya milimita 25. Macho yanahesabu nyota sita au saba, darubini inamwaga makumi. Oktoba na Novemba, upande wa kaskazini, galaksi ya Andromeda inapanda mpaka nyuzi 41 hivi. Ni kiwingu tu kirefu cha kijivu, nisikudanganye. Mwanga wake umetembea miaka milioni 2.5 na bado binti yangu alisema "ndiyo hiki?"

Na hili la rangi lisemwe na kila anayeuza vitu hivi: hutaona rangi za picha. Mawingu ya angani yote ni ya kijivu, labda kijani kidogo kwenye lile la kundi la nyota la Orioni. Jicho la binadamu gizani halioni rangi, na hakuna lenzi ya kuongeza itakayobadilisha hilo.

Nikitaja Orioni, inabidi nieleze kasoro moja ya aina hii ya kitako ambayo kwetu ni kubwa kuliko kwao. Kitu kikiwa utosini kabisa, darubini ya Dobson inashindwa kukifuata vizuri. Mrija unakuwa umesimama wima, na ili usogee kidogo kuelekea magharibi inabidi uzungushe kitako kizima karibu robo duara. Wao London wingu la Orioni liko chini kusini, hawana habari na shida hiyo. Sisi linapita nyuzi tatu tu kutoka utosini, tena kati ya Desemba na Machi ambapo mvua inanyesha, ukipata dirisha la anga wazi la saa moja unashukuru. Dawa yake ni subira. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo liwahi wingu hilo likiwa bado mashariki, au lisubiri lishuke magharibi, halafu utaona zile nyota nne ndogo zilizobanana katikati yake. Na ile nukta nyekundu kuichungulia kitu kikiwa juu hivyo ni mateso ya shingo. Mimi naweka kioo kidogo cha kujitazamia chini yake na kutazamia humo.

Dunia nayo haisubiri. Kwa mara 65 kitu kinavuka uwanja wa lenzi kwa kama dakika tatu, kwa mara 26 kama nane. Unasukuma kidogo, unasukuma kidogo. Watoto wanajifunza haraka kuliko sisi. Kama unataka mashine inayofuata yenyewe, hii siyo.

Mambo madogo ya matumizi. Sehemu ya katikati ya mrija iko wazi, ni zile fito mbili tu, kwa hiyo taa ya mlinzi wa jirani inaingia ndani na kuosha picha. Wenye darubini hii dunia nzima wanaivika kitambaa cheusi au karatasi ngumu, na mimi nimeshona mfuko kutoka kwenye mabaki ya kitambaa cha sare za shule. Umeme ukikatika mtaani huhitaji hata huo mfuko, na ni saa hiyo pekee nyumbani kwangu giza linapokelewa kwa shangwe. Kurekebisha fokasi ni kwa kuzungusha shingo yenye hesi, na hesi hiyo ina mchezo kidogo ndani yake. Mizunguko michache ya ile tepu nyeupe ya mafundi bomba inaituliza. Tepu ni mia tano.

Itoe nje nusu saa kabla. Kioo kikiwa na joto la ndani na nje ni baridi ya Julai, hewa inacheza juu yake na Mshtarii itaonekana inachemka. Usipumulie lenzi ya jicho. Septemba na Oktoba, watu wakichoma mashamba, anga linakuwa na utando na hakuna cha kufanya.

Vioo viwili vya ndani vinahitaji kuelekezana sawasawa, na safari ndefu inaweza kuvilegeza. Lenga nyota angavu, iharibu fokasi kidogo kwa makusudi, utaona viduara. Vikiwa vimejipanga kitovu kimoja, uko salama. Vikiwa vimeegemea upande, kuna skrubu chini ya kioo kikubwa na nyingine tatu kwenye kioo kidogo, na kitabu chake kinaonesha hatua. Tumia kifuniko cha plastiki ulichokitoboa tundu dogo katikati, kikae mahali pa lenzi, uone kama kila duara liko ndani ya mwenzake. Inachukua muda mara ya kwanza, baadaye ni dakika mbili.

Vumbi kwenye kioo liache. Nakaa mji wa mbao, vumbi la msumeno linaingia mpaka kwenye sukari, na chembe hizo hazipunguzi chochote cha kuonekana. Usikifute kwa khanga wala kwa kitambaa cha miwani. Tabaka la aluminiamu juu yake ni jembamba mno na litachubuka. Walio Tanga, Dar au Mombasa adui yenu ni unyevu na ukungu wa fangasi. Ihifadhini kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, na msiifunike ikiwa bado na umande.

Picha: ukishikilia simu kwenye lenzi ya jicho kwa mkono uliotulia utapata mwezi mzuri wa kuweka kwenye stetasi. Zaidi ya hapo usiingie gharama, haikutengenezwa kwa hilo.

Kama bajeti yako haifiki, nunua binokula (darubini ya macho mawili) za 7×50 au 10×50, yaani zinazokuza mara 7 au 10 kwa lenzi za milimita 50. Msinunue ile ya mara 525.

Na jua. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete, watu walifurika Rujewa, Mbarali, ambako si mbali na hapa, na hata macho matupu yalitakiwa kukingwa kwa miwani maalumu. Kioo cha milimita 130 kinakusanya mwanga wa jua kwenye tundu la lenzi kiasi cha kuunguza jicho kabla hujapepesa. Heritage haiji na kichujio cha jua, na hilo ni jema. Kichujio cha kweli kinafunika mdomo wote wa mrija kwa mbele. Baadhi ya darubini za bei ya chini zinakuja na kidude kidogo cheusi kilichoandikwa SUN, cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Joto linakipasua kidude hicho huku jicho lako likiwa pale pale. Kile cha mwenzangu nilimwomba, nikakiponda kwa nyundo mbele ya mwanawe, nikamweleza kwa nini. Kama kimo kwenye boksi lako, fanya hivyo leo, na mchana funika darubini au iweke ndani, hasa nyumba yenye watoto wanaopenda kugusa.